Nani aliwafundisha kusugua terazo kwa dawa ya choo?

Wakuu, salaam. Najua kuna mambo mazito kuliko sakafu, lakini hili la kufuta alama za viatu kwenye terazo (sakafu ya vijiwe na sementi iliyosuguliwa ikang'aa) limenifika shingoni. Nawaandikia wanaofanya usafi wa kumbi, ofisi na gesti hapa Mbeya, Mwanjelwa mpaka Uyole, na zaidi mabosi wanaowapa vifaa.

Ile alama nyeusi ya kiatu ni raba. Soli imeburuzwa, ikaacha utando mwembamba juu ya polishi. Dawa ya choo haiyeyushi raba. Jiki haiyeyushi raba. Ndimu na siki ndiyo kabisa. Ila asidi iliyomo kwenye dawa ya choo, ndimu na siki inakula terazo, maana vile vijiwe vingi ni marumaru, jamii ya chokaa, na kinachovishika ni sementi. Ukimwaga ikachemka na kutoa povu, mnafurahi kwamba dawa imekolea. Imekolea kweli, kwenye jiwe! Alama inatoka na ngozi ya sakafu. Pakikauka panabaki doa lililofubaa, ukipitisha kiganja panakwaruza kama chaki, na hapo ndipo raba ya viatu vingine itanata vizuri zaidi. Kisha mnapaka waksi kuficha. Haifichi. Dawa yake ni mashine ya kusaga yenye pedi za almasi, kuanzia namba 400 (yenye kukwaruza zaidi), 800, 1500 hadi 3000 (laini), kwa maji, halafu sila (dawa ya kuziba vitundu) upya. Gharama hiyo anabeba mwenye jengo, si aliyemwaga.

Stilwaya nayo iacheni jikoni. Nyuzi zake zinakatika, zinaingia kwenye vitundu vya sementi, mkipiga deki zinashika kutu. Yale madoa ya rangi ya chungwa mnayosingizia maji ya bomba mara nyingi ndiyo hayo.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Fagia kwanza, tena vizuri, maana mchanga ukibaki chini ya kitambaa unasugua kama msasa. Pitisha ukucha juu ya alama. Ukiteleza, ni raba imekaa juu. Ukikwama, huo ni mkwaruzo, na hakuna sabuni ya kuutoa. Kama ni raba, chukua raba nyeupe ya kufutia penseli au mpira wa tenisi, sugua pakavu. Nyingi zinatoka hapo hapo. Iliyogoma, kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu, lita 5 kwa vijiko viwili vya sabuni ya maji isiyo kali, kisha suuza kwa ndoo ya pili. Sabuni ya unga ina magadi, isiposuuzwa inaacha utando unaonasa vumbi. Iliyogoma hata hapo, tone la waitispiriti (ile ya kuyeyushia rangi ya mafuta) kwenye kitambaa (kwenye kitambaa, si sakafuni), madirisha wazi, moto mbali. Itaondoka na waksi kidogo, kwa hiyo rudishia polishi pale pale.

Polishi ya maji ipakwe nyembamba, mara tatu au nne. Lita 1 inatosha karibu mita za mraba 40 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Na hapa Nyanda za Juu msifuate muda ulioandikwa kwenye galoni bila kuangalia hali ya hewa! Asubuhi ya Julai, hasa Njombe na Makete, sakafu ni barafu. Chini ya nyuzi 10 polishi nyingi hazishikani, zinakauka na kuwa unga mweupe unaopukutika, halafu mnasema mmeuziwa feki. Subirini saa sita mchana, acheni saa nzima kati ya mkono na mkono, na viti visirudi mpaka kesho yake.

Mafundi viti, na ninyi pia. Kupigilia kipande cha tairi chini ya mguu wa kiti ni kuweka kalamu nyeusi ukumbini. Tairi ina masizi ndani yake. Kwenye vinaili (sakafu ya plastiki) ni balaa zaidi, kemikali za raba zinahamia kwenye plastiki na kuacha unjano usiotoka milele. Kata blanketi nzito au feliti (kitambaa kinene cha sufi iliyoshindiliwa), gundisha, badilisha ikiliwa. Mlangoni weka zulia la kukung'utia, angalau hatua tatu, maana matope ya Tukuyu yakikauka ni vumbi na mchanga tu.

NYONGEZA: Aliyeuliza kama mafuta ya taa yanafaa kufutia alama, hapana. Yanatoa alama, ndiyo, lakini yanalainisha waksi yote, yanaacha sakafu inateleza, na harufu inakaa siku nyingi. Wa Mafinga mwenye sakafu ya paini yenye vanishi: raba ya penseli tu, maji kidogo sana, na kitambaa kikamuliwe mpaka kisidondoshe hata tone.