Juno-106 yenye sauti moja mbovu, au DX7 iliyo nzima?

Mawimbi_Mraba

Wakuu, habari za humu. Nina sintesaiza (kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme) ya Korg minilogue, ndiyo iliyonifundisha filta (inayochonga ukali wa sauti) ni nini na envelopu (inayopanga nota ipande na kufifia vipi) ni nini. Sasa nimeshikwa na hamu ya mashine ya zamani. Zimejitokeza mbili na uwezo wangu ni wa moja.

Ya kwanza ni Roland Juno-106. Kwa nje imetunzwa, slaida zote zinateleza, na ukiwasha korasi (ile inayofanya sauti iwe pana, kama zinalia kadhaa pamoja) hutaki kuondoka. Lakini nikipiga nota moja moja taratibu, tano zinalia vizuri, ya sita inakwaruza kama redio iliyopotea stesheni, kisha inakatika. Mwenye nayo anasema ni vumbi tu, ikipigwapigwa itafunguka.

Ya pili ni Yamaha DX7, ile ya kwanza kabisa. Kila kitu kinafanya kazi, na sijawahi kugusa kinanda chenye funguo tamu kama zile. Tatizo ni moja: utitiri wa vitufe bapa, kioo kidogo na slaida ya kuingizia namba. Nilihangaika nayo nikashindwa hata kuilainisha sauti kidogo.

Nichukue mgonjwa ninayempenda au mzima nisiyemwelewa?

FundiLehemu

Si vumbi. Hiyo nota ya sita imeshakueleza ugonjwa wote. Juno-106 ina sauti sita, yaani saketi sita, kila moja ya kulia nota moja, na ikiwa kwenye mpangilio wa POLY 1 inazigawa kwa zamu: nota ya kwanza inapewa sauti hii, inayofuata sauti ile, mpaka zote sita ziishe, halafu inaanza upya. Sauti moja ikiharibika, utaisikia kila zamu yake inapofika.

Kila sauti ina chipu yake iitwayo 80017A, ambayo ndani yake mna filta na kipaza cha sauti hiyo. Kusema kweli si chipu, ni kibao kidogo chenye vipuri vyake, kilichofunikwa kwa gundi ngumu. Gundi hiyo ikizeeka inaanza kuvujisha umeme kidogo pale usipotakiwa kupita. Mkwaruzo unatokea hapo. Hata uipige vipi haitapona.

Kabla hujatoa hela fanya hivi. Izime, shikilia kitufe cha KEY TRANSPOSE, iwashe huku umeshikilia. Utaingia kwenye hali ya majaribio, na kila nota utakayopiga kioo kitakuonyesha namba ya sauti inayolia. Andika namba ya mbovu. Kisha toka, rudi hali ya kawaida, pandisha resonansi (mkazo wa filta) mpaka filta zianze kupiga mluzi zenyewe. Mluzi wa sauti zote uwe wa kimo kimoja. Ukisikia mmoja umeshuka, hiyo nayo ifuatilie.

Matibabu ni mawili. Kuna wanaozing'oa chipu na kuziloweka kwenye asetoni mpaka gundi itoke, kisha wanazirudisha zikiwa uchi. Inafanya kazi, siwapingi. Mimi nabadilisha zote sita kwa zile mpya zinazotengenezwa kuiga 80017A, kwa sababu moja ikishakufa, zile tano nyingine nazo zina umri uleule, na sipendi kufungua mashine ile ile kila baada ya muda. Ila sikiliza: kinachoua hizi mashine mara nyingi ni ule ung'oaji. Hiyo bodi ni ya miaka ya 1980, ukiizidishia joto njia zake za shaba zinabanduka. Kama hujawahi kushika lehemu, usijifunzie hapo. Nunua redio mbovu ujifunzie.

Opereta6

Fundi ameongea kama daktari, mimi naongea kama mpenzi. Chukua DX7.

Najua kwa nini ulishindwa kuilainisha: ulikuwa unatafuta filta. Haina. Minilogue yako inaanza na wimbi nene kisha inalichonga. DX7 inaenda kinyume, inaanza na wimbi laini lisilo na kitu, kisha opereta moja (kizalisha wimbi) inatikisa masafa ya mwenzake kwa kasi kubwa mpaka zinazaliwa toni ambazo hazikuwepo. Mtunzi wa muziki John Chowning aliligundua hilo pale Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967, Yamaha wakachukua leseni, na mwaka 1983 wakatoa hii. Opereta sita, algorithimu 32 za kuzipanga, nota 16 kwa pamoja.

Jaribu hivi ukiirudia. Tafuta VOICE INIT upande wa FUNCTION ili uanze na sauti tupu. Utasikia opereta 1 peke yake, mluzi mtupu usio na rangi. Sasa nenda kwenye OUTPUT LEVEL (nguvu) ya opereta 2, ipandishe polepole kutoka 0. Umeona inavyong'aa? Ukitaka ulaini, ishushe. Ndiyo filta yako hiyo. Kisha peleka masafa ya opereta 2 kwenye 1.41 na tayari una kengele. Ukielewa hizo opereta mbili, nne zilizobaki ni marudio. Na michoro ya algorithimu zote imechapwa juu ya mashine yenyewe, huhitaji kitabu.

Vile vitufe vikikuchosha, pakua Dexed. Ni programu ya bure, inaongea na DX7 kwa MIDI (njia ya vyombo vya muziki na kompyuta kuwasiliana), unaona opereta zote sita kwenye skrini moja.

KusanyaPolepole

Kaka, wote wamesema kweli ila hakuna aliyekuuliza tayari una nini. Minilogue ina osileta (vizalisha wimbi) mbili kwa kila sauti. Juno ina moja, na ni ya kuongozwa na saa ya kidijitali, ndiyo maana haipotezi tuni. Kwa hiyo Juno inakuongezea sauti mbili (sita badala ya nne) na korasi, basi. Ni korasi nzuri, sikatai, nami ninayo. Lakini ukiizima utashangaa mashine ilivyo ya kawaida. Jaribu kuizima kabla ya kununua, wengi hawajaribu.

Jingine: soma kibandiko cha umeme nyuma ya mashine yoyote ya Kijapani kabla ya kuchomeka. Zilizotengenezwa kwa soko la kwao zinataka volti 100.

Mawimbi_Mraba

Asanteni sana. Nimezirudia zote mbili. Kwenye Juno mbovu ni sauti ya 4, na mluzi wa sauti ya 2 uko chini ya wenzake. Muuzaji bado anasema vumbi. Dada KusanyaPolepole, nimezima korasi. Nimekuelewa.

DX7 nimeipata kengele kwa 1.41 palepale. Naichukua. Kioo kimeandika kitu kuhusu betri, ni shida?

FundiLehemu

Sauti ya 2 ya Juno huenda inahitaji kutuniwa tu, vitrima (vizungushio vidogo vya kurekebishia) vipo ndani. Lakini umeamua vizuri.

Betri si shida kubwa. Ni ya lithiamu ya volti 3, ndiyo inayolinda zile sauti 32 za kuchagua zilizohifadhiwa ndani ya DX7 ukizima. Imelehemiwa kwenye bodi, na ukiitoa zote zinafutika. Zihamishie kwenye kompyuta kwa MIDI kwanza. Atakayekubadilishia mwambie aweke kishikio, ili safari ijayo usihitaji lehemu.

Opereta6

Na ukizirudisha, hakikisha SYS INFO (ruhusa ya kupokea data kwa MIDI) imewekwa AVAIL na MEMORY PROTECT (kinga ya kumbukumbu) ya ndani iko OFF. Usipofanya hivyo hutaona hata sauti moja ikiingia, na utaanza kulaumu kebo.