Baba anafanyiwa upasuaji wa tezi dume: je, sindano moja ya antibayotiki inatosha?

Mwana wa Mzee: Ndugu wanajamvi, naomba ushauri. Baba yangu ana umri wa miaka 71, na wiki ijayo atafanyiwa upasuaji wa tezi dume kwa kupitia njia ya mkojo. Daktari ametueleza kwamba atapewa antibayotiki mara moja tu, karibu na kuanza kwa upasuaji, lakini wajomba wanataka tumnunulie vidonge vya siprofloksasini aanze kumeza leo ili dawa ijae mwilini mapema. Mzee amekaa na mpira wa mkojo wiki tano. Tumsikilize nani?

Mfamasia Mstaafu: Pole kwa kuuguza. Kinachotafutwa ni dawa iwe nyingi ndani ya nyama ya tezi wakati ule inapokatwa, kwa kuwa hapo ndipo bakteria hupata upenyo wa kuingia kwenye damu. Antibayotiki ya sefazolini, kwa mfano, hupungua kwa nusu katika damu kwa muda usiofika saa mbili, na ndiyo sababu huchomwa ndani ya dakika 60 kabla ya upasuaji, kisha hurudiwa kazi ikizidi saa nne. Siprofloksasini ya mshipani hutiririshwa taratibu, kwa hiyo huanzishwa mapema zaidi, ndani ya dakika 120.

Wajomba wana hoja kidogo, kwa maana tezi dume isiyo na uvimbe wa maambukizi hupitisha kwa shida dawa za jamii ya penisilini, ilhali siprofloksasini hupenya vizuri. Hata hivyo, dawa kufika ni jambo moja na kuua bakteria ni jambo jingine: wengi wa njia ya mkojo wameshakuwa sugu kwayo. Tena ina madhara kwenye kano na mishipa ya fahamu, kiasi kwamba mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilibana matumizi yake.

Muuguzi wa Tieta: Mimi nimeshtushwa na hizo wiki tano. Mpira ukikaa muda huo, mkojo karibu kila mara huwa na bakteria, hivyo unapaswa kuoteshwa maabara kabla ya upasuaji ili daktari achague dawa inayowaweza. Sampuli ichukuliwe kwenye mpira mpya, si kwenye mfuko. Akimeza vidonge leo, majibu yanaweza kupotosha.

Mwana wa Mzee: Nashukuruni sana. Mkojo haujaoteshwa, na vidonge sinunui. Mama amenikumbusha kwamba zamani baba alivimba uso baada ya kuchomwa penisilini. Je, lina uzito?

Mfamasia Mstaafu: Lina uzito mkubwa, kwa sababu linaweza kubadilisha dawa atakayochaguliwa. Mpigie daktari leo hii, liandikwe kwenye faili, na umweleze pia kama mzee ana tatizo la figo, maana jentamaisini, antibayotiki inayoweza kudhuru figo, nayo hutumika katika upasuaji huu.