Naomba ushauri: lida wetu wa beli densi hataki kuachia nafasi ya mbele, nifanye nini?

Kiuno_Makini
Habari zenu wadau. Mimi hapa huwa nasoma tu kimya kimya lakini leo imebidi niandike juu nimekwama na usingizi umenihepa. Niko kwenye kikundi cha beli densi hapa Nairobi, tuko wanawake wanne, tunacheza kwenye harusi, hasa zile sherehe za wanawake pekee za South C na Eastleigh, mara moja moja besidei. Sasa densi yetu si ya kukariri stepu nyumbani halafu mnakuja kuzimwaga ukumbini, hii yetu ni ya papo hapo, hakuna anayejua DJ ataweka wimbo gani, kuna lida mmoja mbele anatoa ishara na wengine tunafuata. Shida ni lida. Kawaida mnafaa mpokezane lakini huyu akishaingia ile kona ya mbele hatoki mpaka muziki uzimwe. Halafu ishara zake zinachelewa, mkono unainuka wakati mdundo ushaanza, sisi wa nyuma tunaonekana kama watu waliolewa. Swali langu ni moja tu, mfuasi anaweza kushika uongozi katikati ya densi bila kupewa, ama nitaonekana sina adabu? Nijibuni kwa upole tafadhali.

Mzee_wa_Donholm
Beli densi na hii bei ya unga? Lete picha kwanza ndio tukushauri tukiwa na ushahidi.

Mama_Imani
Dada umeolewa? Nauliza tu. Juu mimi siwezi elewa mama wa watu anatoka kwake jioni kwenda kutingisha kiuno mbele ya umati halafu shida anayoiona ni kwamba hajawekwa mbele. Mimi ningeomba niwekwe nyuma kabisa, nyuma ya pazia.

Kiuno_Makini
@Mama_Imani nimesema ni wanawake pekee. Simu zinakusanywa mlangoni zinawekwa kwa beseni, hata yule kijana wa soda anabisha mlango na kuacha kreti nje. Hakuna umati hapo. Naomba turudi kwa swali.

KondaMstaafu
Swali lako nimelielewa vizuri sana. Mimi nimekuwa konda wa matatu miaka mingi, dereva ndiye ana usukani lakini ishara ni za konda, ukigonga bodi mara moja gari linasimama, mara mbili linaondoka. Sasa kulikuwa na dereva mmoja hapo Jogoo Road, mzee wa heshima zake, akaanza kuchelewa kusikia. Nagonga, anapita stage, abiria wananitukana mimi. Siku moja mama mmoja alishukishwa mbele ya stage yake na gunia la viazi, alinifuata kila jioni wiki nzima akinidai pesa ya mkokoteni. Nikamwambia tajiri, mwenye gari. Tajiri akamwondoa yule mzee, na mpaka leo tukikutana soko la Burma kwa nyama huyo mzee ndiye ananunua, eti nilimwokoa. Kwa hivyo ongea na tajiri wenu.

Kiuno_Makini
Hatuna tajiri. Pesa tunagawana sawa, yeye anachukua kidogo zaidi juu nguo na matoazi ya vidoleni ni vyake.

Bi_Rukia_wa_Kibokoni
Mwanangu, mambo haya hayakuanza na nyinyi. Mimi ni mtu wa Mombasa nimehamia Nairobi kwa wanangu. Bibi yangu alikuwa wa lelemama, ile ngoma ya wanawake wa pwani, zama zile vyama vya wanawake vikishindana, Banu Saada huku na Ibinaal Watan kule, watu hawasalimiani njiani kwa ajili ya ngoma. Bibi alikuwa akituhadithia, mtu alikuwa na daraja lake, na hupandi daraja mpaka utoe, ulishe watu biryani washibe wasahau walikotoka. Kulikuwa na mmoja alipanda bila kutoa, akatungiwa nyimbo akaacha kwenda sokoni. Hiyo chakacha ndiyo kila mtu huzungusha kiuno chake na leso yake, hapana kumngojea mtu, lakini lelemama ni safu, na safu ina wenyewe. Sasa hiyo yenu mimi siijui ni ya wapi.

Nyoka_wa_Ngara
Ngoja kwanza. Nguo ni zake, matoazi ni yake, anakosea kila siku, na wewe bado uko hapo hulali. Mtu baki ungeshamhama. Huyo lida ni nani kwako?

Kiuno_Makini
Sioni hiyo inahusiana vipi na swali.

Nyoka_wa_Ngara
Inahusiana.

Mzee_wa_Donholm
Inahusiana sana. Tunasubiri.

Kiuno_Makini
Sawa basi. Ni wifi yangu. Dada mkubwa wa mzee wangu. Na ndiyo, yeye ndiye alinifundisha, kabla hujauliza. Nilipoolewa sikuwa najua mtu Nairobi, akanichukua akawa ananiita kwake jioni tunafanya mazoezi kwa sebule, makochi tumeyasukuma ukutani. Sikatai hayo. Lakini hayo ni ya nyumbani na hapa tunaongea kazi, na kwa kazi mtu anapimwa na kazi. Ishara ikichelewa imechelewa hata kama imetolewa na mama mzazi.

Mama_Imani
Nilijua kuna nyumba ya mtu ndani ya hii habari. Wifi! Dada, wifi haondolewi, wifi anavumiliwa. Mimi wangu aliishi kwetu miaka akaondoka na blenda, na Krismasi nilimpikia.

Zil_na_Sauti
Nimeona uzi umekimbia pande zote na hakuna aliyejibu swali, wacha nijaribu juu hii style naicheza. Hii si ngoma ya Misri ya zamani, imetengenezwa Marekani. Carolena Nericcio alianzisha kundi la FatChanceBellyDance huko San Francisco mwaka 1987, mwalimu wake alikuwa Masha Archer, na Masha alitoka mikononi mwa Jamila Salimpour, yule wa kundi la Bal Anat la California. Ni mchanganyiko, kuna vitu vya Waarabu, vya Wahindi, mikono imeazimwa kwa flamenko ya Wahispania. Uzuri wake wote uko kwa ishara. Mtu wa Nairobi na mtu wa Ujerumani ambao hawajawahi kuonana wanaweza kupanda jukwaani wakacheza kama mapacha, juu stepu ni zile zile na alama zake ni zile zile. Sasa ukianza kunyakua, unakuwa umevunja kitu ambacho wengine wawili wa nyuma wanakitegemea. Wao watamfuata nani? Mmoja atakuangalia wewe, mwingine atamwangalia wifi, na hapo ndio mtagongana vichwa.

Jibu ni hapana, mfuasi hashiki, anapewa. Na hii wengi hawaipendi lakini ndiyo kanuni, lida akikosea nyote mnakosea naye, tena kwa tabasamu, wageni hawatajua hata kidogo. Wanachoona ni watu wanne wamegeuka pamoja. Kilichokosewa ni mmoja akigeuka sawa peke yake.

Ukitaka zamu kuna njia. Kwa wimbo wa polepole, lida akigeukia kundi mkaangaliana macho, hapo anaweza kukupa, na wewe unaweza kumwonyesha kwa uso kwamba uko tayari. Ama muingie duara, mkizunguka, anayeangukia ile kona ya mbele kushoto duara likifunguka ndiye lida mpya, na hakuna aliyemnyang'anya mtu.

Kiuno_Makini
Asante @Zil_na_Sauti, wewe ndiye wa kwanza kunielewa. Lakini duara yeye haitishi! Ndiyo shida. Anaogopa duara kabisa. Na macho hatugeukii, anaangalia mama wa bi harusi. Kwa hivyo mtu afanye nini? Ile siku niliingia kona si kwamba nilinyakua, nafasi ilikuwa wazi, aligeuka kulia bila ishara akabaki ananing'inia huko peke yake, mimi nikasogea hatua mbili tu mbele na wale wawili wakanifuata mimi. Wakanifuata wenyewe. Wimbo ukaisha vizuri kuliko siku zote na watu wakapiga vigelegele.

Nyoka_wa_Ngara
Kumbe ulishafanya. Umekuja hapa kuuliza kama unaweza na ulishafanya.

KondaMstaafu
Na baada ya vigelegele?

Kiuno_Makini
Baada ya vigelegele hakuna kitu. Alinyamaza njia yote kwa gari. Halafu kuna mama mmoja alinifuata nikivaa viatu akaomba namba, ana harusi ya binti yake Jumamosi hii. Nikampa. Ametuma deposit elfu kumi kwa M-Pesa yangu. Nimeongea na wale wawili, wamekubali, tutaenda watatu. Na msianze, matoazi tumenunua yetu, kitambaa nilishapeleka kwa fundi Eastleigh na ameshakata, sketi moja inakula yadi 10, hicho si kitu cha kurudisha dukani. Sikuibia mtu kazi, simu ilipigwa kwangu.

Mama_Imani
Eeeh Mungu wangu.

Wakili_Mkavu
Samahani kwa kuharibu sherehe lakini hii ni hekaya. Moja, anasema mkono wa lida unainuka akiwa amechelewa, sasa aliye nyuma anaonaje mkono wa mtu aliyempa mgongo, na bado anahesabu mdundo? Pili, sketi ya yadi 10? Hiyo ni sketi ama ni pazia za kanisa? Tatu, mwaka jana kulikuwa na uzi hapa hapa wa dada wa kwaya, mwimbishaji alikuwa anachelewesha kuanzisha wimbo, mwisho ikatokea ni mama mkwe wake. Na alimaliza na maneno haya haya, nijibuni kwa upole tafadhali. Huyu ni mtu mmoja anabadilisha nguo.

Mzee_wa_Donholm
Ndio maana nilitaka picha.

Bi_Rukia_wa_Kibokoni
Hata ikiwa ni ya kutunga, ni tamu. Endelea mwanangu.

Kiuno_Makini
@Wakili_Mkavu mimi kwaya sijawahi kuimba, sauti yangu ni ya kufukuza kuku. Na kuhusu mgongo, hatusimami kama gwaride la askari. Wote mwili umegeuzwa kidogo upande wa kushoto, lida yuko pembe ya mbele kushoto, wengine tumetawanyika nyuma yake na kulia kwake, hakuna aliyemziba mwenzake. Ukisimama hivyo unamwona ubavu wake wote wa kulia, bega, kiwiko, mkono, na hipsi ya kulia ndiyo inafanya kazi kubwa kwa hivyo wageni pia wanaiona. Ishara inatakiwa ije mwisho wa hesabu, kwa saba au nane, ili moja ikifika sote tuko pamoja. Wifi anaitoa kwa moja yenyewe. Kwa wimbo wa haraka na matoazi yanalia kulia-kushoto-kulia, hiyo nusu sekunde inasikika, mtu wa mwisho anapiga tchak peke yake kila mtu akiwa ashanyamaza. Mtu wa mwisho huwa ni mimi.

Zil_na_Sauti
Hapo hajadanganya. Na yadi 10 ni kawaida, kuna wanaovaa 25. @Wakili_Mkavu ingia YouTube uone.

Wakili_Mkavu
Kujua densi si ushahidi kwamba kuna wifi.

ShemejiWaRongai
Wakuu nimesoma kutoka mwanzo. Watatu mnacheza kwa pesa ngapi? Dada yangu anaolewa mwezi wa nane.

Kiuno_Makini
Nitakutumia inbox.

Wakili_Mkavu
HA! Si hekaya, ni tangazo. Naomba radhi.

Nyoka_wa_Ngara
Mimi kuna kitu bado kinaniwasha. Harusi nyingi sana Nairobi hii, na huyu analia halali usiku kwa ajili ya moja. @Kiuno_Makini hiyo ya Jumamosi ni ya nani?

Kiuno_Makini
Ni ya watu.

Nyoka_wa_Ngara
Watu gani?

Kiuno_Makini
Ni ya binti wa shangazi yao. Yaani upande wa mume wangu. Huyo mama hapatani na wifi tangu mambo ya shamba fulani, ndio maana alinitafuta mimi pembeni. Sasa nimesikia jana wifi amealikwa kama mgeni, ameshonewa dera, anakuja. Sasa mmefurahi?

Mama_Imani
Mimi nazima simu niende nikaombe.

KondaMstaafu
Hii sasa tajiri hawezi kuisaidia.

Bi_Rukia_wa_Kibokoni
Mwanangu hapo umetumiwa. Huyo shangazi hakutaka densi, alitaka wifi yako akae kitini atazame. Zamani ningekwambia rudisha pesa. Lakini kitambaa kimeshakatwa. Basi nenda kwake kabla ya Jumamosi, usiende na maneno mengi, nenda na kitu mkononi, mwambie wewe mwenyewe kabla hajaambiwa na dera.

Zil_na_Sauti
Mimi naongea ya jukwaani tu, ya shamba siyawezi. Mkiwa watatu mnafanya pembetatu, na ninyi mpokezane kweli, kila wimbo lida wake, usije ukawa wewe ndiye wifi mpya. Na akiinuka kucheza, maana mtu wa ngoma akisikia matoazi hakai, mfungulieni duara. Aingie. Likifunguka akiangukia kona ya mbele mwache aongoze, na mumfuate, hata akichelewa.

Kiuno_Makini
Na akikataa kutoka mpaka mwisho? Deposit nimechukua mimi.

Zil_na_Sauti
Mtafuata mpaka mwisho.

Kiuno_Makini
Hapana. Wimbo mmoja nitampa, si zaidi, nishaambia wenzangu. Kwenda kwake nitafikiria lakini Ijumaa niko kwa fundi kuchukua nguo na jioni tuna mazoezi. Sidhani nitapata muda.

Mzee_wa_Donholm
Jumamosi inaanza saa ngapi?

Kiuno_Makini
Ni ya wanawake pekee. Soma vizuri.

Bi_Rukia_wa_Kibokoni
Na mumeo anasemaje kuhusu dada yake?

Kiuno_Makini
Anajua Jumamosi tunaenda kucheza. Hajui tunaenda watatu.