Homa zisizoisha na majeraha ya visu machinjioni: tudai nini kwa mwajiri?

Mchunaji:
Ndugu wanajukwaa, nachuna ngozi na kutoa matumbo katika machinjio moja ya mkoani hapa Tanzania. Tunalipwa kwa idadi ya ng'ombe, hivyo anayesimama kufunga aproni huonekana anawachelewesha wenzake. Sakafu ina damu na mafuta, gambuti tunajinunulia, na ng'ombe wenye mimba tunawapasua kwa mikono mitupu yenye michubuko. Wenzangu wawili wana homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Wametibiwa malaria bila nafuu. Msimamizi anadai kwamba glavu huteleza. Naomba ushauri.

Daktari wa Mifugo:
Wape pole, ndugu. Dalili hizo zinafanana na za brusela, yaani ugonjwa wa kutupa mimba, ambao vijidudu vyake hujaa katika mfuko wa uzazi, kondo la nyuma na maji ya uzazi, na humwingia mtu kupitia michubuko, macho au matone yanayoruka hewani. Waende hospitali na waitaje kazi yao waziwazi, maana daktari asipoijua huenda asiagize kipimo hicho. Matibabu huchukua takriban wiki 6 kwa dawa zaidi ya moja, na anayeacha njiani anaweza kurudiwa. Vilevile, mnyama aliyekufa ghafla na kutoka damu nyeusi isiyoganda asipasuliwe kamwe, kwani huenda ni kimeta. Mwiteni afisa mifugo.

Mzee wa Kisu:
Msimamizi ana nusu ya hoja. Mkono unaoshika nyama ndio unaokatwa, kwa hiyo huo ndio uvae glavu ya nyuzi za chuma. Kisu butu ni hatari kuliko kikali, kwa sababu hukulazimisha kutumia nguvu. Kinolewe, kirudishwe alani, wala kisiachwe ndani ya ndoo ambamo mwenzio atatumbukiza mkono.

Afisa Usalama Kazini:
Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, vifaa vya kujikinga ni jukumu la mwajiri, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inahusu pia magonjwa yatokanayo na kazi. Msidai glavu pekee, bali na utaratibu wa malipo ujadiliwe, kwa kuwa ndio unaowaharakisha. Andikeni barua ya pamoja, mtaje majeraha na tarehe zake, kisha mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.