Mama akisema "tuombe kwanza" kabla ya kikao, mwanasaikolojia afanye nini?

Msikilizaji_Kadutu ameuliza:

Wakubwa zangu na wenzangu wa kazi, nawasalimu kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo.

Mimi ni mwanasaikolojia, nasikiliza watu katika kituo kidogo huku Kadutu. Wengi wanaokuja ni wamama wa sokoni, na vijana waliokimbia vita vijijini. Chuoni tulifundishwa kwamba mambo ya dini yabaki nje ya mlango: wewe ni mtaalamu, mchungaji ana kazi yake. Sasa niambieni, huku kwetu nani anaweza kumwacha Mungu nje ya mlango? Mtu akiamka anamtaja, akiuza anamtaja, akifiwa ndiyo kabisa.

Kuna mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike). Amefiwa na mtoto wake wa kiume, na tangu matanga yaishe halali. Akifika anatua beseni lake karibu na kizingiti, anakaa, anafunga upya kitambaa cha kichwa, halafu anafumba macho na kuniambia: "Dada, tuombe kwanza." Ananingoja mimi niongoze. Nikikaa kimya muda mrefu, anafungua jicho moja kuangalia kama bado niko naye.

Halafu mimi naimba kwaya. Bukavu si kubwa, baadhi yao wananiona Jumapili mbele ya kanisa. Kuna kijana alizungumza vizuri sana siku za mwanzo, na siku iliyofuata baada ya kuniona nimevaa sare ya kwaya akaanza kuniita "mtumishi". Habari za pombe akazikatisha hapo hapo.

Na lile linaloniumiza kuliko yote: "Mungu ananiadhibu." Nalisikia karibu kila juma. Moyo wangu unataka kumwambia huyo mama kwamba Mungu hana chuki naye, kwamba hakumwua mtoto wake. Lakini nikisema hivyo, nani amesema? Mwanasaikolojia au mwimbaji wa kwaya? Naombeni mwongozo wa watu waliokaa kwenye kiti hiki.

---

Mzee_wa_Nguba amejibu:

Binti yangu, asante kwa kuuliza hili waziwazi. Nimefanya kazi hii hapa mjini tangu miaka ya vita ya kwanza ya Kongo, na ningefurahi kama kila kijana anayetoka chuo angeliuliza mapema.

Hilo la "mlangoni" lina historia yake. Freud, mwanzilishi wa tiba ya kuchimba nafsi kwa mazungumzo, aliiona dini kama ndoto inayozaliwa na matamanio ya mtu, na wengi waliomfuata wakalichukua hivyo. Lakini hata miongoni mwa wakubwa wa fani hawakukubaliana. Jung, aliyewahi kuwa mfuasi wake, alisema mwaka 1932 kwamba kati ya wagonjwa wake waliopita umri wa miaka 35, hakuna hata mmoja ambaye tatizo lake, ukilichimba mpaka chini, halikugusa swali la imani. Viktor Frankl, daktari wa Vienna aliyepita katika kambi za Wanazi, aliijenga tiba yake yote juu ya swali la maana ya maisha. Mwaka 1994 mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliweka nafasi ya matatizo ya kidini na kiroho kama jambo la kushughulikiwa bila kuitwa ugonjwa. Na Chama cha Dunia cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili kilitoa tamko lake mwaka 2016: muulize mgonjwa habari za imani yake, uiheshimu, lakini usitumie kiti chako kumvuta kwenye dini yako wala kumtoa kwenye ya kwake. Kwa hiyo usihisi kama unaiba unapomwacha mama ataje Mungu wake chumbani kwako.

Tuje kwa mama wa sambaza. Mimi ningefanya hivi: mwache aombe, yeye mwenyewe, kwa sauti yake. Mwambie tu, "Mama, omba wewe, mimi niko hapa nakusikiliza." Halafu sikiliza kweli, kama unavyosikiliza maneno mengine yote ya kikao. Mtu akiomba anasema mambo ambayo hatayasema ukimuuliza. Nimewahi kumsikia mama akishukuru kwa watoto wake wote, mmoja mmoja kwa jina, na jina la aliyekufa akaliruka. Baada ya "amina" nikamwambia polepole, "Mama, kuna jina hukulitaja." Hapo ndipo kilio chake kilianza, na tiba ilianza hapo.

Sababu ya kukuambia usiongoze ni hii. Ukiongoza wewe, utaomba vizuri, maana wewe ni mtu wa kwaya. Utasema, "Asante Bwana kwa amani unayompa mama huyu." Sasa atakuambiaje tena, dakika mbili baadaye, kwamba amemkasirikia Mungu? Utakuwa umemfunga mdomo kwa maneno mazuri.

Kuhusu "Mungu ananiadhibu", jizuie kujibu haraka. Hilo neno ni kidonda chenyewe, na tunajua kwamba kinadhuru hata mwili. Kenneth Pargament na wenzake, pamoja na Harold Koenig, walifuatilia kwa miaka miwili wagonjwa wa hospitali wa miaka 55 na zaidi huko North Carolina, Marekani. Matokeo yalitoka mwaka 2001. Waliokuwa wakijiuliza kama Mungu amewaacha, au kama bado anawapenda, au waliosema ni shetani aliyewaletea ugonjwa, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa, hata ukali wa ugonjwa ulipohesabiwa. Mara nyingi tunasema imani inaponya, na mimi nimeliona hilo kwa macho yangu. Lakini imani iliyojeruhiwa nayo inaua, na hakuna anayeigusa: mchungaji anaogopa ni dhambi, daktari anaona haimhusu. Sisi tusipoiuliza, nani ataiuliza?

Basi muulize. Wazo hilo lilianza lini? Alilisikia kwa nani? Mara nyingi utakuta ni shangazi aliyelisema pale matangani, tena mbele ya watu. Jirani aliyefiwa juma lile lile, naye aliadhibiwa kwa kosa gani? Kama rafiki yake angekuja na neno hilo hilo, angemjibuje? Humfundishi theolojia hapo, unamsaidia kulishika wazo lake mkononi na kuligeuza. Jambo hili limejaribiwa hapa hapa kwetu. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Kivu Kusini na Kaskazini, kwa wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono. Waliokaa katika vikundi vya kupitia upya mawazo ya aina hiyo, ya kujilaumu na ya kutoamini tena mtu, walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa msaada wa kawaida wa mmoja mmoja. Na waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia kama wale tunaowaita APS, wenye miaka michache tu ya masomo baada ya shule ya msingi. Kwa hiyo wewe unaweza.

Na kwaya usiiache. Siku ya kwanza tu, kabla ya habari yoyote, mwambie mtu: "Unaweza kuniona kanisani. Sitakusalimu mpaka wewe unisalimu, na unachosema hapa hakifiki kule, hata kama kinageuka kuwa ushuhuda mzuri." Hili la ushuhuda lisisitize. Watu wetu wameumizwa sana na siri zao zilizosemwa kwenye maikrofoni ili kumtukuza Mungu. Kijana wako wa pombe, mwambie hivyo hivyo mkikutana tena. Mwambie kwamba ile sare haikuingia chumbani.

---

Mchungaji_wa_Bagira amejibu:

Shalom. Naongeza kidogo kutoka upande wa mimbari, maana Mzee ametutaja, na kwa haki.

Marafiki wa Ayubu walifanya kazi nzuri siku saba, walipoketi naye chini bila kusema neno. Walipofungua midomo kumweleza kwa nini anateseka, wakaharibu, na mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe anawakemea wao, hamkemei Ayubu kama wao. Nimewahubiria viongozi wa kanisa letu habari hiyo mara nyingi, kwa sababu ya yale ninayoyasikia kwenye matanga. Na Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina "haleluya" mwishoni. Mama anayemlilia Mungu kwa hasira bado yuko ndani ya Biblia.

Wanasaikolojia, msituogope. Panzi hapa Bukavu ni hospitali ya kanisa la Kipentekoste la CEPAC, na pale mwanamke anapata daktari, mtu wa kumsikiliza, mwanasheria, na msaada wa kuanza tena maisha. Hakuna aliyeona kwamba jambo moja linaliibia lingine. SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili, nayo iko chini ya mabruda Wakatoliki wa Frères de la Charité, na wagonjwa wanapewa dawa. Mkituita tutakuja. Lakini mtuite kwa ruhusa ya mgonjwa, na mtuambie kile tu alichokubali tukijue.

---

Binti_wa_Nyawera amejibu:

Assalamu alaykum. Mimi si mtaalamu, nilikuwa mgonjwa. Mniruhusu niseme la upande huo.

Mimi ni Mwislamu, na Waislamu wa Bukavu tuko wachache. Nilipelekwa mahali fulani kwa kikundi cha wanawake, na kila mkutano ulianza kwa wimbo na maombi kwa jina la Yesu. Hakuna aliyenilazimisha, walikuwa watu wema sana. Lakini wote waliinua mikono na mimi yangu niliiweka mapajani, na tangu dakika ile nilijua kwamba yangu sitayasema hapo. Nilienda kwa miezi nikisema "niko sawa".

Aliyenisaidia baadaye ni mama mmoja aliyeniuliza maswali mepesi: una imani gani, inakusaidia nini siku ukiwa chini, una watu wa kuswali nao, na ungependa mimi niiweke wapi katika mazungumzo yetu? Swali hilo la mwisho lilinifanya nilie. Nilimjibu kwamba naomba kikao chetu kisigongane na adhuhuri. Ni hilo tu nililotaka.

---

Mzee_wa_Nguba amejibu:

Binti wa Nyawera, asante sana. Msikilizaji, yaandike maswali hayo manne kwenye daftari lako. Yanafuata mpango wa daktari Mmarekani, Christina Puchalski, wa mwaka 1996: imani, uzito wake maishani, jumuiya, na namna mtu anavyotaka uishughulikie. Uliza kila mtu siku ya kwanza, hata yule aliyevaa rozari shingoni, na yule anayesema haamini chochote. Na kwa kikundi, maombi ya pamoja yasiwepo kwenye ratiba. Anayetaka aombe kimya kabla hamjaanza.

---

Msikilizaji_Kadutu ameongeza:

Nimesoma yote, nawashukuru kutoka moyoni. Nilimwambia mama aombe mwenyewe. Alishangaa, akanyamaza kidogo, halafu akaomba kwa Kishi, lugha ya kwao, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Sitaandika alichosema.

Nina jingine, na hili linanitia hofu. Kijana mwenye kifafa, anatumia phenobarbital kutoka kituo cha afya. Familia imempeleka kwenye chumba cha maombi, anafunga kikavu, hana chakula wala maji, na wamemwambia dawa ni kukosa imani. Tena mama yake anasema kijana anamwona marehemu babu yake usiku. Hayo ya babu ni ugonjwa au ni nini?

---

Mzee_wa_Nguba amejibu:

Anza na dawa, leo leo. Phenobarbital ikikatwa ghafla, degedege zinaweza kuja mfululizo bila kupumzika, na hiyo inaua. Usiende peke yako na usiende kubishana kuhusu mapepo. Nenda na muuguzi anayempa dawa, mpitie kwanza kwa mama yake, halafu muombe kuonana na anayeongoza pale. Msimwambie kwamba maombi yasimame. Mwambieni kidonge kinaweza kumezwa mara moja usiku, baada ya kufungua, kwa hiyo hakivunji saumu ya mchana. Hilo wengi wanalikubali. Maji na chakula vya jioni msiviache vijadiliwe. Kiongozi huyo akikataa kabisa, mzungumze na familia kumtoa, na daktari wa kituo ajue siku hiyo hiyo.

La babu, usiharakishe kuliita kichaa. Aliyefiwa kumwona au kumsikia marehemu wake ni jambo la kawaida mahali pengi duniani. Muulize mama: babu anakuja kufanya nini, kijana anaogopa au anatulia, mchana anafanya kazi zake kama kawaida, na ukoo wenyewe unalichukuliaje? Kama sauti inamwamuru ajiumize, au amejifungia na haongei na watu, hapo SOSAME. Lakini muuguzi ajue pia kama anamwona kabla au baada ya degedege, maana kifafa chenyewe kinaweza kuleta maono.

Na jambo moja la kumwambia mchungaji yule, ambalo hataliona kama vita dhidi yake: mkesha. Kukosa usingizi kunaamsha kifafa. Wengine wakeshe wamwombee, yeye alale.