Anataka kumpeleka binti yangu Dar akalee mtoto, nimuulize nini kabla sijakubali?

mama_kibaigwa
Mbukwenyi wana Dodoma. Nina binti wa miaka 15, shule ilimshinda kidato cha pili, sa hivi yupo nyumbani ananisaidia genge. Sasa kuna mama mmoja tunasali nae jumuiya moja kaja na habari kwamba kuna familia Dar inatafuta binti wa kukaa na mtoto mchanga, 80,000 kwa mwezi, kula na kulala bure, nauli anatoa yeye, na anataka waondoke jumapili na basi la usiku.

Zamani ningeshukuru tu. Mana nikisikia usafirishaji wa binadamu nilikuwa nawaza mtoto kubebwa kwa nguvu kwenye Noah ya vioo vyeusi, mambo ya mbali huko. Juzi nikasikiliza kipindi redioni wakasema mara nyingi anayemchukua mtoto ni mtu mnayemfahamu kabisa, shangazi, jirani, mtu wa kanisani, anakuja mchana na sukari mkononi anamsalimia mpaka bibi. Hapo nikamkumbuka binti wa jirani alienda Dar akarudi mwaka uliofuata na nguo zile zile alizoondoka nazo, mshahara wote ulikuwa unapitia kwa aliyempeleka, na sisi mtaani tukasema ni bahati yake tu. Huyu mama hajanikosea kitu na naogopa nikimuuliza sana ataona namtuhumu. Wenye uzoefu nisaidieni jamani.

dada_wa_nkuhungu
Mama shikamoo. Mimi nilitolewa Mpwapwa nikiwa mdogo kuliko huyo binti, nikaahidiwa nitasomeshwa cherehani. Nilipofika tu kisimu changu kikachukuliwa na laini yake, nikaambiwa simu zinaharibu watoto. Kazi kuanzia alfajiri mpaka wenyewe walale, nikiuliza hela naambiwa anatumiwa mama yako, mama nae akipiga anaambiwa tunamwekea akiba, basi tukawa tunadanganywa wote wawili kila mtu upande wake. Na hakuna aliyenifungia mlango, watu wakisikia hivyo wanauliza si ungetoka tu, nitoke niende wapi mtaa wenyewe siujui jina na mfukoni sina hata mia.

Kwahiyo mwambie akupe namba ya mama mwenye nyumba uongee nae wewe mwenyewe kwa video umuone, akutajie mtaa na mjumbe wa hapo. Hela iingie kwenye laini ya binti, isipite kwa mtu. Binti awe na nauli ya kurudi ameificha na namba yako aijue kwa kichwa, hata ya mjomba pia. Na mpange neno lenu wawili tu, kwa mfano akiuliza mbuzi wa bibi kazaa, wewe ujue hapo kuna shida na pembeni kuna mtu anasikiliza.

baba_chemba
Ndugu zangu tusitishane sana. Dada zangu wamefanya kazi za ndani Arusha na hela yao ndio iliyonunua bati za nyumba ya wazazi. Huku mvua ikikata mwezi wa pili mtama unakaukia shambani, huyo mtoto mnasema abaki nyumbani ale nini? Sio kila anayepeleka binti mjini ni muuza watu.

ustawi_mstaafu
Baba Chemba sikatai, na hao wasafirishaji wanaijua njaa yetu kuliko hata sisi, ndio mana wanaonekana sana kipindi ghala limeisha. Ila kuna sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ya mwaka 2008 na kwa mtoto chini ya miaka 18 haijali kama alikubali mwenyewe. Akichukuliwa kwenda kunyonywa ni kosa, na mzazi aliyemtoa huku anajua nae anaingia.

Alafu Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14 lakini imekataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Sasa mama niambie, huyo mchanga wa Dar akilia saa 8 usiku nani ataamka? Mwambie huyo mama kwa upole kabisa kwamba kabla ya safari mtaenda wote kwa mtendaji. Ukiona anakwepa, nenda dawati la jinsia na watoto hapo polisi au piga 116, ni bure, wanapokea habari za watoto.

kijana_wa_majengo
Naongezea kwa wenye mabinti wakubwa wanaoitwa Oman na Saudia, mtu akikwambia utaenda na viza ya matembezi kazi utaikuta huko huko, achana nae. Mkataba usome ukiwa bado nyumbani, pasipoti ubaki nayo mwenyewe, na huyo wakala kaulizie ofisi ya serikali ya huduma za ajira kama wanamtambua.

mama_kibaigwa
Asanteni sana wanangu na kaka zangu. Leo nimeongea nae. Nimeomba namba ya hiyo familia akasema hawapendi kusumbuliwa, nilipotaja mtendaji akabadilika kabisa, akasema basi kuna wazazi wengine wanaomsubiri hapa hapa Kibaigwa. Binti haendi. Kinachoniuma sasa ni hao wengine, nimeshampigia mwenyekiti wa kitongoji na kesho asubuhi tunaenda nae dawati. Ustawi, nikifika pale naanzaje kueleza wakati hakuna mtoto aliyeondoka bado, watanisikiliza?

ustawi_mstaafu
Watakusikiliza mama, usisubiri aondoke. Waambie jina lake, familia aliyoitaja, siku ya safari na kampuni ya basi kama aliitaja, na hilo la kukataa mtendaji ulieleze kama alivyolisema. Jumapili haiko mbali, hata leo usiku piga hiyo 116.