Ukoo wa Babu Fundi: Safari ya Sanje

*Jumatatu*

Rehema 19:02
Wapendwa habari za jioni, wakubwa wote shikamoni. Naomba tusome mpaka mwisho tafadhali maana juzi watu walisoma mstari wa kwanza wakanipigia kuuliza kilichoandikwa mstari wa pili. Safari ya maporomoko ya Sanje, hifadhi ya Udzungwa, iko palepale Jumamosi tarehe 8, Nane Nane. Tunaondoka Msamvu, Morogoro, saa kumi alfajiri, SI saa kumi na moja. Mtu mzima 45,000, mtoto 20,000, humo kuna kosta, kiingilio cha hifadhi, muongozaji na maji. Chakula cha mchana tunakula kwa Baba Mdogo Ras, hapohapo kijijini Sanje, ameshakubali.

Rehema 19:04
Waliotoa mpaka sasa: mimi, Method, Mama Neema na Neema. Wanne. Kosta ina viti 25.

Rehema 19:31
Naona watu 17 mmesoma.

Shomari 19:48
Nipo pamoja nanyi kimawazo 😂

Rehema 19:49
Shomari mawazo hayalipi dereva

Mama Neema 20:10
Da Rehema na mie na haya magoti yangu ntaweza kweli? Nimesikia ni kupanda tu mwanzo mwisho

Method 20:22
Dada kupanda kupo, sikufichi. Kule Udzungwa ndani hakuna barabara ya gari, kila kitu ni kwa miguu na lazima muwe na muongozaji au askari wa hifadhi, hamuingii wenyewe. Ila kwenda Sanje na kurudi ni kama masaa matatu manne kwa mwendo wa kupumzika, na njia ina kivuli muda wote, ile miti mikubwa inafunika kabisa. Maji yanashuka kwa ngazi tatu, jumla mita 170 hivi. Ukifika ile ya juu kuna dimbwi la kuogelea na ukigeuka nyuma unaliona bonde lote la Kilombero, mashamba ya miwa yale, mpunga, yani mpaka macho yanachoka. Agosti ni kiangazi njia haitelezi. Chukua fimbo uje.

Mama Neema 20:25
Sawa fimbo ninayo ya marehemu Babu

Shomari 20:27
Hivi ndo kule kwenye vile vyura vya serikali? Nikikanyaga mmoja si nauza kiwanja

Method 20:33
Hao ni wa Kihansi, maporomoko mengine, milima ndo hiyohiyo. Na usicheke Shomari ile ni habari ya kusikitisha. Chura mdogo kama ukucha, aligunduliwa 1996, alikuwa anaishi kwenye manyunyu tu ya maporomoko, maji yalipochepushwa kwenda kwenye umeme manyunyu yakakauka akaisha. Waliobaki ni wale waliopelekwa Marekani mwaka 2000 wakatunzwa kule, wajukuu zao ndo wakarudishwa.

Shomari 20:34
Kumbe hata chura ana ndugu diaspora anayemtegemea

Bahati Muscat 20:51
Nimekusikia Shomari 😂😂 hela ya viatu usiniombe tena

Rehema 20:55
Jamani tunapotea. Kiingilio getini hawashiki keshi, ni kontrol namba, natakiwa kulipa kabla na majina yawe kamili. Kila Mtanzania aje na NIDA yake. NANI ANAENDA

Rehema 21:40
Haya usiku mwema

*Jumanne*

Bahati Muscat 06:15
Nimetuma 200,000. Mie sipo ila lipieni watoto wa marehemu Dada Tumaini wote wanne na inayobaki mnunulieni Baba Mdogo kitu. Mwaka nilioondoka ndo alinichongea ile kinu ndogo ninayo mpaka leo jikoni, kila mtu akiingia kwangu anauliza umeitoa wapi

Rehema 06:20
Mungu akubariki mdogo wangu. Nane sasa.

Mama Neema 07:02
Tumnunulie nini sasa? Mchele na kuku?

Method 07:15
Kuku hali huyo, umesahau? Hali nyama ya aina yoyote, pombe hagusi, hata chumvi haweki. Rasta wa kweli chakula chao ni cha shambani na cha kawaida tu, mnakula kilichoota. Mwaka jana nilipita nikamkuta anapika kisamvu kwa nazi kwenye chungu, bila chumvi. Nilidhani sitamaliza, nikaongeza. Mletee misumeno ya mkono au sandpepa, atafurahi.

Neema 07:18
Anko Method kwani Rasta na Haile Selassie wanahusianaje tumepewa swali la dini na jamii

Method 07:36
Mwanangu kabla hajawa mfalme alikuwa anaitwa Tafari Makonnen, na Ras ni cheo cha Kihabeshi kama mkuu, ndo ikawa Ras Tafari. Alitawazwa Addis Ababa 2 Novemba 1930. Watu weusi kule Jamaika, wajukuu wa watumwa, wakaona mfalme mweusi anavishwa taji Afrika, kwao lilikuwa jambo la Biblia kabisa, baadhi wakaamini ni Mungu amekuja. Alipotua Jamaika Aprili 1966 walifurika uwanja wa ndege. Na aliwapa ardhi Shashamane kule Ethiopia wanaotaka kurudi Afrika, wengine wanaishi hapo mpaka leo. Muulize Baba Mdogo mwenyewe Jumamosi, kila tarehe 2 Novemba anapiga ngoma usiku mzima.

Shomari 07:41
Na ile majani je atatueleza 👀

Rehema 07:42
Shomari humu kuna watoto. Kwake hakuna hicho kitu na sheria unaijua.

Shomari 07:43
Nilikuwa naulizia majani ya chai

Mama Neema 07:50
😂😂😂

Baba Mkubwa Deo 09:12
Habari za asubuhi. Nimesoma. Mimi sina tatizo na maporomoko, watoto waone nchi yao. Ila hiyo sehemu ya chakula naomba iangaliwe upya. Kuna hoteli Mang'ula. Nyumba ya ukoo inajulikana iko wapi na mtu aliyejitoa kwenye ukoo kwa mila za ugenini hatuwezi kumpelekea kosta nzima ya watoto kana kwamba hakuna kilichotokea.

Rehema 09:30
Shikamoo Baba Mkubwa. Hoteli hatuna bajeti, na kwa Baba Mdogo chakula anatupa bure.

Baba Mkubwa Deo 09:33
Marahaba. Bure ndiyo inayonitia wasiwasi.

*Ujumbe huu umefutwa*

Beni Nairobi 12:47
Shikamoo Baba Mkubwa, kwa heshima zote, huku Kenya mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua Urasta ni dini kama dini nyingine, kuna binti alirudishwa nyumbani na shule kwa ajili ya nywele, mahakama ikasema arudi darasani nazo. Sio mila ya ugenini ni imani ya mtu

Baba Mkubwa Deo 13:05
Beni mahakama ya Nairobi haikuwepo kwenye msiba wa baba yangu.

Rehema 13:20
Tafadhali hilo la msiba tusilifungue humu.

Mama Neema 13:58
Kosta inaondoka saa ngapi vile?

Rehema 13:59
Saa KUMI. Msamvu.

*Jumatano*

Rehema 08:10
Dereva anataka advansi kesho saa sita mchana la sivyo anampa kosta mtu mwingine, Nane Nane kila mtu anatafuta gari. Tumefika kumi na moja. Sijui nifanyeje, nimeshika hela za watu nusu, siwezi kurudisha siwezi kulipa, naombeni mtu mzima mmoja aniambie tunaenda au hatuendi.

Shomari 08:44
Twende na pikipiki nne mishikaki

Method 08:50
Shomari leo hapana. Kwanza pale Mikumi barabara inakatiza hifadhini kilomita 50, ukimgonga hata ngiri unalipa

Shomari 08:52
Ngiri hali Rasta hali Baba Mkubwa hali, wa nini sasa

Method 08:53
Ametoa advansi Shomari au anatoa vichekesho?

Shomari 08:58
Natoa jioni kaka. Kweli.

Neema 16:31
Shikamoni wote. Niko huku kwa Shangazi Mkubwa Ifakara likizo. Amenisikilizisha meseji zote nimemsomea moja moja kuanzia Jumatatu. Anarekodi sauti

Shangazi Mkubwa 16:40
🎤 Ujumbe wa sauti 3:26

Bahati Muscat 16:58
Neema mama niandikie tu niko kazini siwezi kufungua sauti

Neema 17:25
Nimeandika kama alivyosema:

"Wanangu, hamjambo. Ule msitu mnaotaka kulipia mimi nimeuingia kabla haujawa na geti. Mwaka 1992 ndio ukawa hifadhi, na hata baadaye wanawake wa vijiji vya chini tuliruhusiwa siku moja ya wiki kuokota kuni zilizoanguka, mpaka 2011 ilipokatazwa. Yale maji nimeyanywa kwa kiganja nikiwa na mzigo kichwani. Wale tumbili wa Sanje ambao mwaka 1979 wataalamu walisema wamewagundua, sisi tulikuwa tunawafukuza kwenye mahindi. Kwa hiyo nendeni mkaone, ni pazuri.

Sasa la pili. Deo, nakutaja kwa jina maana wewe ni mdogo wangu na nimekubeba. Jeneza la baba lilitengenezwa na nani? Alilipiga randa huyo huyo usiku kucha, mimi nikimshikia karabai, jasho linadondoka kwenye mbao anafuta kwa shati. Alfajiri ukamwambia anyoe au asiliguse. Jeneza alilolitengeneza kwa mikono yake. Akakaa kule barabarani chini ya mwembe mpaka tukamaliza kuzika. Alikuja usiku na tochi akatia udongo wake peke yake, nilimwona, nilikuwa nimetoka kuchukua maji. Sikumwita.

Mimi nilikuwa mkubwa wenu pale na nilinyamaza. Miaka ishirini na mbili. Sina cha kukulaumu wewe tu.

Jumamosi mnipitie Ifakara au nitakuja mwenyewe mpaka Sanje, hapana umbali. Maporomoko sitapanda. Nitashukia kwake. Na Deo nakutaka uwe pale kabla chakula hakijapakuliwa. Ndiyo hayo tu."

Neema 17:26
Amelia kidogo mwishoni sikuandika

*Ujumbe huu umefutwa*

Method 19:03
Shangazi shikamoo. Tumekusikia.

Beni Nairobi 19:15
Shikamoo Shangazi.

Mama Neema 19:20
Mimi nilikuwa nimebeba mimba ya Neema nilikuwa jikoni siku ile. Nilijua yuko nje nikampelekea ugali akasema nimpe yule mtoto wa jirani. Sijawahi kumwambia mtu.

Shomari 20:37
Nimetuma 90,000 Da Rehema, mimi na mama watoto.

Rehema 20:40
Imefika. Asante Shomari. Kumi na tatu, na Shangazi kumi na nne ila wa kwake simhesabu malipo.

Rehema 21:30
Baba Mkubwa naona umesoma. Sikulazimishi, nataka kujua tu kama nikuwekee kiti.

*Alhamisi*

Baba Mkubwa Deo 05:48
Shikamoo dada. Nimesikia.

Rehema 09:02
Baba Mkubwa shikamoo. Kiti?

Rehema 10:15
Nimeongea na dereva amekubali nusu ya advansi leo, nusu Ijumaa jioni. Nimeongezea kidogo kutoka mfukoni, mtanirudishia. Kwa hiyo gari tunalo kwa sasa, viti kumi na moja bado vitupu, kama kuna mtu ana majirani wastaarabu aniambie leo kabla sijalipia majina ya hifadhi.

Mama Neema 10:40
Jirani yangu Mama Osama anakuja na mtoto, hela kesho

Rehema 10:41
Leo Mama Neema sio kesho

Upendo jirani wa Ras 14:22
Habari zenu, mimi ni jirani wa Babu Ras huku Sanje, Da Rehema aliniingiza asubuhi maana babu ana kitochi. Nimemsomea yote kama alivyoniomba. Yuko hapa nje anapaka rangi upya ile fito ya mlangoni, nyekundu amemaliza, njano imeisha kopo sasa kijani sijui itakuwaje. Anasema anawasalimu, ametengeneza benchi mbili za kukalia nyuma ya nyumba kwenye mkakao, watu thelathini wanakaa. Anaomba kujua mko wangapi kwa sababu muhogo unachimbwa Ijumaa.

Rehema 14:25
Mwambie shikamoo sana. Kati ya kumi na nne na ishirini na tano, namthibitishia kesho

Upendo jirani wa Ras 14:31
Sawa. Na anauliza, Deo bado ana presha? Kama bado, chakula cha hapa kitamfaa, hakina chumvi.

Method 14:33
🙏🏾

Rehema 15:10
Baba Mkubwa unaulizwa huku

Rehema 17:47
Baba Mkubwa?

Mama Neema 18:20
Jamani na viatu, raba za kawaida zinatosha au mpaka ziwe na meno?